Erzincan 1939 na İzmit 1999: ufa mmoja, mauti mawili tofauti

Matetemeko yote mawili yalitoka kwenye ufa wa Anatolia Kaskazini, Uturuki, na yote yalipiga usiku watu wamelala. Kufanana kunaishia hapo.

Erzincan, 27 Desemba 1939: kipimo 7.8, ardhi ikachanika kwa zaidi ya kilomita 300, wakafa watu kama 33,000. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo na mapaa mazito. Nyumba ya namna hiyo ikianguka hubaki kifusi na vumbi, hakuna hata upenyo wa kuvutia pumzi. Aliyetoka mzima alipokewa na theluji. Mji wenyewe haukujengwa tena palepale. Ulisogezwa kaskazini kidogo.

İzmit, 17 Agosti 1999, saa 9 na dakika 2 usiku: kipimo 7.6, sekunde kama 45, vifo zaidi ya 17,000 kwa hesabu ya serikali. Nguvu pungufu, tena kiangazi. Kilichoua hapa ni zege: maghorofa yalilaliana sakafu juu ya sakafu, kama chapati kwenye sahani. Ndani ya vipande vya zege watu waliona kombe za baharini (mchanga wa pwani, wenye chumvi inayokula nondo).

Mimi naona la İzmit linauma zaidi. Kanuni za kwanza za ujenzi dhidi ya matetemeko Uturuki ilizitunga 1940, kwa sababu ya Erzincan hiyohiyo. Kufikia 1999 zilikuwa zimeshaandikwa upya mara kadhaa, na wajenzi wengi walizipita pembeni.