Nakupenda siku ya bamvua: nahodha hakutaka kusikia

Msipande boti ile iliyotupeleka Nakupenda. Jina la kampuni silitaji, na mapapasi wanaoiuzia tiketi pale Forodhani siwalaumu sana, maana wao hawaendi baharini. Kosa ni moja tu: siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, walitupeleka kwa kobe kwanza, fungu la mchanga baadaye. Mtu wa pwani ameshanielewa. Asiye wa pwani asome, hasa kama ana wageni anaotaka kuwatembeza.

Safari yenyewe ni ile ambayo karibu kila mwenyeji wa Unguja mjini huwapeleka wageni wake: kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, kisha fungu la mchanga la Nakupenda kuogelea na kula samaki wa kuchoma. Ilikuwa juzi juzi, mwezi mpevu. Wageni wangu wa bara walikuwa saba, mmoja wao bibi mwenye magoti mabovu, na watoto wawili wasiojua kuogelea.

Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Tuliondoka saa tano na nusu, kwa sababu walikuwa wanasubiri boti ijae. Nikamwambia nahodha kwa adabu kabisa: "Nahodha, leo bamvua, twende fungu kwanza, kobe tutawapitia tukirudi." Akanijibu mbele ya wageni wangu wote: "Bwana, kama unaijua bahari ungekuja na chombo chako. Ratiba ni ratiba."

Ratiba ya nani? Bahari ya Unguja ina ratiba yake na haijifichi. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu na siku mbili tatu baada yake, maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ikipita wiki yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa asubuhi na kukauka alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Tena maji hayapandi sawasawa. Kutoka kukauka hadi kujaa ni kama saa sita. Saa mbili za kwanza inaingia robo tu, saa mbili za katikati inaingia nusu nzima, saa mbili za mwisho robo iliyobaki. Bamvua kubwa hapa inakaribia mita 4 kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo maji yakikauka saa nne, kati ya saa sita na saa nane mchana bahari inapanda kama mita 2. Ukiwa umekaa mchangani na sahani mkononi, hizo ndizo saa za kuondoka, si za kufika.

Sisi ndipo tulipofika. Changuu tulikaa mpaka karibu saa nane kasorobo, tukizunguka kwenye kobe na kwenye lile jengo la gereza la 1893 ambalo halikutumika kama gereza, likawa karantini. Kobe wa kwanza, wanne, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wapo pale tangu hapo, asubuhi wapo, alasiri wapo. Fungu la Nakupenda siku kama ile lina saa chache tu. Sijaona sababu yoyote ya kuanza na kile kisichoondoka.

Turubai lilisimamishwa kwenye miti minne, na kwa kuwa mchanga ulikuwa umeshaanza kulowa kwa chini, miti haikushika. Ikawa inalala upande mmoja baada ya mwingine. Pweza na samaki walikuja wa moto, wameiva vizuri, nisiwe muongo. Lakini kabla ya nanasi kumalizika, maji yalikuwa miguuni mwa meza.

Kupanda boti ndiko kulikonichoma moyo. Fungu likiwa wazi, boti inaegeshwa omo, yaani mbele yake, juu ya mchanga, mtu anapanda akiwa kwenye maji ya magotini. Maji yakipanda boti inaelea, inavutwa na mkondo, ngazi inacheza, na anayepanda anasimama kwenye maji ya kiunoni. Kwa bibi mwenye magoti mabovu hiyo ni hatari ya kweli. Na wakati huo nahodha amesimama tezini, nyuma ya boti, anapiga kelele: "Harakisheni, maji hayamsubiri mtu!" Maneno yale yale niliyomwambia asubuhi.

Kuna kijana mmoja baharia, huyo Mungu ambariki. Aliingia majini bila kuambiwa, akaishika ngazi kwa mkono mmoja, akamwambia, "Bibi, nishike bega, wimbi likishapita ndiyo tunapanda." Na ndivyo inavyotakiwa: unasubiri wimbi lipite, unapanda boti inaposhuka na kutulia, huvutwi mkono kama mzigo. Kushuka nako unageuza uso kuitazama boti, mgongo kwa bahari. Kwa ajili ya kijana yule nilitaka kuifuta hukumu yangu yote.

Kisha nakumbuka maboya ya kuvaa. Watoto walipewa maboya ya watu wazima. Boya la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kipimo chake ni rahisi: mvalishe, funga mikanda yote, kisha linyanyue boya kwa mabegani. Likipanda mpaka masikioni, akianguka majini atachomoka. Ya kwetu yalipita masikio. Nikauliza madogo, nikaambiwa "yapo boti nyingine." Afadhali mtu asiondoke kabisa.

Boti yenyewe ilikuwa nzima, na mashine nilikuwa naitazama: ule mchirizi wa maji ya kupozea ulitoka kwa nguvu njia nzima. Ukiona umedhoofika au umekatika, mara nyingi ni mwani au mfuko wa plastiki umeziba pa kuingizia maji, na mashine izimwe mara moja kabla haijaungua. Kwa hilo sina neno nao. Upepo nao ulikuwa mpole, ila wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, bahari huchafuka alasiri na kurudi ni kulowa, ndiyo sababu nyingine ya kutoka mapema.

Kwa hiyo, mwenye wageni aende Nakupenda au asiende? Aende. Asubuhi ya bamvua maji yakiwa nje, fungu jeupe lote liko wazi, sina pahala pengine karibu na mji ninapopapenda kama pale. Siku hizo uwe umeshafika kabla ya saa nne na uwe umepanda boti saa sita, kobe wafuate. Siku za maji mafu geuza: kobe asubuhi, fungu alasiri. Viatu viwe vya kufunga nyuma ya kisigino, ndala zinabaki majini. Wageni wavae mikono mirefu, maana turubai linazuia jua la juu tu, la kutoka majini na mchangani halizuii.

Na kabla hujatoa pesa, muulize anayekuuzia: kesho maji yanakauka saa ngapi? Akikutajia saa, endelea kuzungumza naye. Akikwambia "hakuna shida," toka.

Nyota nilikuwa nimewawekea moja. Nikaweka tatu kwa ajili ya kijana wa ngazi. Sasa nimerudisha mbili, na zote mbili ni zake. Bibi hajasema neno baya hata moja kuhusu siku ile, ila juzi wageni wengine walipopendekeza boti, alisema yeye atabaki nyumbani.