Wiki 12 na kocha wa jimu ya uani pale Chuno, Mtwara: skwati imepanda, ila vyuma vipimwe jamani

Naandika hii kwa ajili ya watu wa Mtwara mnaonyanyua vyuma kwa staili ya pawalifti, yaani skwati (kuchuchumaa na kusimama na nondo mabegani), benchi (kulala chali na kusukuma nondo kutoka kifuani) na dedilifti (kuinyanyua nondo kutoka chini), maana najua tupo wachache na wengi tunajifundisha wenyewe kwenye simu. Hela nimetoa mfukoni kwangu, hakuna aliyenituma, nimemaliza wiki 12 zote kwa hiyo nasema nilichokiona.

Jimu yenyewe ya uani tu, bati juu, pembeni wazi, upepo unapita vizuri hata mwezi wa 10 joto linapoanza kubana. Ada elfu 30 kwa mwezi, na ukitaka kocha akupangie ratiba yako peke yako unaongeza elfu 50 kwa wiki zote 12. Nilivyoenda nilikuwa na skwati kilo 130, benchi 90, dedilifti 190, uzito wangu 78. Anayejua hesabu hizi ataona hapohapo dedilifti imewaacha mbali wenzake, na sababu naijua, misimu kadhaa sasa napakia magunia ya korosho ghalani, mgongo na vidole vimeshakomaa kwa kazi.

Mwaka jana nilinunua ratiba mtandaoni kwa mtu mmoja, simtaji, akanipa mazoezi 11 "ya kuziba udhaifu" na baadaye nikagundua kila aliyelipa kapewa hayohayo. Nikayapachika juu ya yale niliyokuwa nayo. Miezi mitano benchi haikusogea hata kidogo, viwiko vikaanza kuuma mpaka kufungua mlango wa gari ni shughuli.

Sasa huyu kocha wa Chuno siku ya kwanza hakunipa zoezi lolote. Nimemwamkia shikamoo, akanikalisha kwenye benchi akaniuliza kazi yangu, nalala saa ngapi, asubuhi nakula nini. Nikamwambia kocha, shida yangu benchi, inakwama katikati, trisepsi zangu, misuli ya nyuma ya mkono, dhaifu. Akasema, "Mdogo wangu, usiniambie unapokwama, nionyeshe." Akaweka simu juu ya stuli, usawa wa kiuno, kwa ubavuni, tukaanza na kilo 80.

"Shusha, itulie kifuani kabisa, nikisema sukuma ndio usukume." Na hii hajabuni yeye, ndio sheria ya mashindano ya IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti, nondo lazima isimame kifuani mpaka refa atoe amri. Aisee, kilo 80 ambazo kila wiki napiga mara tano ziligoma, nilisukuma mara moja tu tena kwa kutetemeka. Kumbe siku zote nilikuwa nadundisha nondo kifuani, ule mdundo ndio unainyanyua mpaka katikati, ukiisha nguvu ndio nakwama, mimi nikadhani trisepsi. Udhaifu ulikuwa chini kabisa, kifuani, na miezi mitano nilikuwa natibu mkono ambao hauumwi.

Skwati nayo akanionyesha kwenye video taratibu, kipande kwa kipande. Kilo 60 nashuka na kupanda vizuri, kifua juu. Kilo 120 nikitoka chini makalio yanatangulia kwenda juu, kifua kinainama, nondo inasogea mbele ya miguu, halafu mgongo ndio unamalizia kazi yote. Akaniambia kama kosa lingeonekana hata kwa kilo 60 basi tungesema ni staili, tungerudi kujifunza upya, ila kama linakuja kwenye uzito mkubwa tu ni nguvu ya mahali fulani imepungua na mwili unakimbilia penye nguvu. Mimi penye nguvu ni mgongo. Mapaja ya mbele yalikuwa nyuma kabisa. Hayo maelezo tu kwangu yalitosha ile elfu 50.

Ratiba aliyonipa ilikuwa fupi mpaka nikaogopa. Skwati siku mbili, moja ya kutulia chini kwa kuhesabu mpaka tatu, asilimia 65 mpaka 70 ya uzito wangu wa juu, marudio matatu matatu, na nyingine skwati ya mbele, nondo ikiwa mabegani kwa mbele, maana ukiinama tu inadondoka kwa hiyo mapaja yanalazimika kufanya kazi. Benchi siku mbili, ya kutulia kifuani na ya kawaida, halafu dambeli kidogo. Trisepsi akaacha zoezi moja tu. Dedilifti akaikata kutoka siku mbili kwa wiki kuwa moja, na hapo nilibisha kwa kweli, ndio ninayoipenda kuliko zote. Akanijibu ukiongeza kitu lazima utoe kitu, mgongo wako unabeba magunia mchana na chuma jioni, utapumzika lini? Kila wiki ya nne tunapunguza uzito, mwili unashusha pumzi.

Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, nawaambia ukweli. Unashusha uzito mbele ya watu waliozoea kukuona na nondo imejaa, na mapaja yanauma mpaka kupanda bodaboda unajivuta. Asubuhi nilikuwa nakula muhogo na mbaazi, mchana samaki na ugali, jioni korosho konzi moja njiani, sijanunua unga wowote wa protini wa kopo.

Sasa kero, na hii ndio imenifanya nisitoe nyota tano.

Wiki ya tano nikaanza kusikia nyonga ya kushoto inabana kwenye skwati, na kwenye video nondo inainama upande huo. Tukaanza kuwaza mguu wa kushoto dhaifu, kocha akaongeza zoezi la mguu mmoja mmoja. Ila mimi mikono yangu imezoea uzito, nikivitoa vile vyuma vya 20 nahisi havilingani. Nikaomba ruhusa nikavichukua viwili kwenye bajaji mpaka ghalani, nikaviweka kwenye mzani. Kimoja kilo 18.6, cha pili 20.7. Vyote vimeandikwa 20! Yaani upande mmoja nilikuwa nimezidishiwa kilo mbili na ushee wiki nzima nzima, nyonga iache kulalamika kwa nini. Nikamrudishia kocha na karatasi ya vipimo. Hakukasirika, jioni ileile akapima vyote kwenye mzani wa jirani muuza nafaka, akaandika uzito halisi wa kila chuma kwa rangi nyeupe, sa hivi unapanga mwenyewe pande zilingane. Zoezi la mguu mmoja akalifuta. Wiki ya saba nyonga kimya. Kwa hiyo namsifu kwa kusikiliza, lakini lile lilitakiwa kufanyika kabla hajapokea mtu hata mmoja, mtu anaweza kuumia vibaya.

Kero nyingine, raki, ile stendi ya kuwekea nondo, ipo moja tu, kuanzia saa 12 jioni mnapanga foleni na mapumziko ya dakika tatu yanakuwa kumi, misuli inapoa. Vyuma vidogo vya kilo 1.25 havikuwepo, unaruka kilo tano tano ambayo kwa benchi ni mlima. Mwezi wa pili fundi wa kuchomelea akakata vipande vya chuma, vikapimwa, tukaanza kupanda mbili na nusu. Chaki nenda na yako.

Matokeo wiki ya 12, tumepima siku moja kwa kanuni zilezile, jaribio tatu kila zoezi: skwati 142.5, tena makalio hayatangulii, kocha kanionyesha video mbili sambamba nikafurahi kama mtoto. Benchi 92.5 ya kutulia kifuani, wakati mwanzoni ya kutulia nilikuwa sifiki hata 85, kwa hiyo msiione ndogo. Dedilifti niliyoikatia siku imeenda 197.5, kocha anasema ni mapaja, ndiyo yanayoing'oa nondo kutoka chini.

Nyota nne. Ukienda nenda alfajiri saa 12 mpaka saa 2, raki iko wazi na kocha anakuwa na muda na wewe, na mwambie kazi unayofanya mchana, usimfiche. Mimi Jumatatu naanza awamu ya pili, benchi mara tatu kwa wiki, dedilifti bado moja.