CouchDB kwa wenye intaneti ya kukatika-katika: nimeitumia zaidi ya mwaka, haya ndo niliyoyaona

Wadau, nimekaa na CouchDB, programu ya databesi, zaidi ya mwaka sasa na kazi niliyoipa ni moja tu, databesi ya kwenye laptopu za matawi ifanane na ya kwenye seva kuu hata kama laini inakatika mara kumi kwa siku. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitasema imeenda wapi.

Kabla yake tulikuwa na programu nyingine ya kusinki, jina naliacha. Ile mtandao ukikatika katikati inaanza moja. Rekodi elfu thelathini, imeshapeleka elfu ishirini na tisa, laini inapepesuka kidogo tu, inarudi sifuri halafu kwenye skrini inaandika imeshindikana, basi, haisemi wapi wala kwa nini. Na kibaya kuliko vyote, wawili wakiandika rekodi moja ilikuwa inaangalia saa za mashine zao, aliyeandika mwisho ndo anabaki. Sasa laptopu moja ile betri ndogo ya ubaoni ilikuwa imekufa, ukiizima saa inarudi nyuma miaka, kwa hiyo kila alichoingiza dada wa stoo kilionekana cha zamani na kikafunikwa na cha zamani kweli. Wiki mbili za kazi yake. Bahati alikuwa anaandika pia kwenye daftari, tukakaa naye tukaingiza upya mstari kwa mstari, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma kwa sababu hakukosea chochote.

CouchDB kwenye kuamua hilo haiangalii saa kabisa. Kila dokumenti, yaani rekodi moja, ina namba ya toleo, mfano inaanza na 7 kisha deshi kisha mlolongo wa herufi na tarakimu, ile 7 inahesabu imebadilishwa mara ngapi. Mkiibadilisha wawili kila mtu akiwa nje ya mtandao, inatunza zote mbili, inachagua moja ya kuonyesha, yenye historia ndefu ndo inashinda na zikilingana inalinganisha ule mlolongo, kwa hiyo mashine zote zinafika kwenye jibu lilelile bila kuulizana. Iliyoshindwa haipotei, ukiisoma dokumenti kwa conflicts=true unaambiwa matoleo mengine yaliyopo.

Na hapo hapo ndo nyota ya tano ilipoondoka: haikuambii. Hakuna kengele wala rangi nyekundu. Mgongano unaweza kukaa miezi mtu anasoma hesabu ya upande mmoja akidhani ndo yote. Ni lazima utengeneze mwenyewe view (orodha au jumla ambayo databesi inaitoa kutoka kwenye dokumenti) ya kuikusanya migongano na uweke mtu wa kuiangalia kila siku, ukiruka hatua hii bora usianze kabisa.

Kwenye laini mbovu sasa, hapa ndo imenishika moyo. Inaongea kwa HTTP ya kawaida, ileile ya tovuti, na pande zote mbili zinaweka alama ya ilipofikia, ikikatika inarudi kwenye alama inaendelea. Hata alama ikipotea, mfano umebadilisha anwani ya seva, inapitia orodha toka mwanzo lakini inauliza kwanza nini hakipo upande wa pili, vilivyokwisha kufika havitumwi tena. Kwa mtu anayelipia bando hiyo ni heshima kubwa.

Kusinki kukigoma mimi naanzia _scheduler/docs, anwani ya CouchDB inayoonyesha hali ya kila kazi ya kusinki, kabla sijagusa kitu kingine. Ikiandika failed maana yake imekata tamaa, mara nyingi kuna kitu umeandika vibaya kwenye maelekezo yenyewe. Ikiandika crashing inajaribu tena yenyewe, ila kila ikianguka inasubiri muda mrefu zaidi, kwa hiyo mtandao ukirudi usishangae imekaa kimya, futa ile dokumenti ya replikesheni, yaani yale maelekezo ya kusinki, uiandike upya inaanza papo hapo na alama yake ipo palepale. Halafu angalia doc_write_failures. Dokumenti inayozidi baiti 8,000,000, ambacho ndo kikomo cha kawaida, inarukwa tu na safari inaendelea, na mahali pa kuliona hilo ni kwenye hicho kihesabio.

Kuna tawi lilitusumbua siku tatu. Dokumenti ndogo zinapita, zenye picha zinaganda. Ping, kile kipimo cha kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, inajibu vizuri kabisa, kila mtu anasema mtandao upo, kosa ni databesi. Mwisho tukapiga ping ya baiti 1472 tukakataza isikatwe vipande, kimya. Tukashusha 1350, ikajibu. Kumbe njia inapita kwenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), pakiti kubwa zinatupwa bila taarifa na ping ya kawaida ni ndogo mno haiwezi kukuonyesha hilo. Tukashusha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwenye laptopu ya tawi hilo, picha zikaanza kutiririka tukiziangalia.

Ile laptopu ya betri mbovu nayo ilirudi tena, maana mara ya kwanza tulirekebisha saa kwa mkono tu. Ikakataa kuunganika, inasema cheti cha seva bado hakijaanza kutumika. Saa ilikuwa imerudi nyuma, na kwa https, yaani HTTP iliyofungwa kwa usiri, saa lazima iwe sahihi. Safari hii tukabadilisha betri yenyewe.

Kwa laini dhaifu usiache mipangilio ilivyokuja. Kawaida inabeba dokumenti 500 kwa mkupuo, inafungua miunganisho 20 na inavumilia sekunde 30. Sisi tumeweka 50, miunganisho 4, sekunde 120. Inaenda polepole zaidi laini ikiwa nzuri, ila laini ikiwa mbaya inafika, na kwetu mbaya ndo kawaida. Pia replikesheni zote mbili, ya kutuma na ya kuvuta, ziendeshe kutoka tawini, huna haja ya kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) yoyote kule.

Na jamani hii siyo bakapu. Mtu akifuta, kufuta nako kunasafiri, tena kwa uaminifu uleule.

Kilichotupunguzia migongano kuliko yote ni kubadili namna ya kuandika. Zamani bidhaa moja ilikuwa dokumenti moja yenye idadi iliyobaki, watu wawili wakitoa mzigo lazima wagongane. Sasa kila kilichoingia au kutoka ni dokumenti yake mpya, idadi inajumlishwa na view, na dokumenti mbili tofauti haziwezi kugongana. Dada wa stoo ndo aliyetupa wazo bila kujua, daftari lake lilikuwa hivyo siku zote, hafuti, anaongeza mstari. Wiki iliyopita view ya migongano ilikuwa na mmoja tu, jina la mteja limeandikwa kwa herufi mbili tofauti, tukalimaliza kwa simu.