Siku 70 za juisi na majani ya mstafeli: uzoefu wangu na mpango wa tiba lishe kwa saratani ya titi

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu dada aliyekuwa ananihudumia alinitendea wema, na sikutaka aone namlipa ubaya. Jina la kituo silitaji. Ninachotaka ni kwamba mwenye uvimbe titini, ambaye ameshatumiwa tangazo kama nililotumiwa mimi, ajue nilinunua nini, nililipa kiasi gani, na siku zile 70 zilipoisha nilikuwa na hali gani.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mbagala. Uvimbe niliushika mwenyewe nikioga, titi la kushoto, upande wa kwapani. Ulikuwa mgumu lakini hauumi, na kwa kuwa hauumi nikauacha mwezi mzima. Nilipokwenda hospitali walinikata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwenda kupima, majibu yakatoka baada ya wiki tatu. Daktari aliyasoma akiwa amesimama, akasema ni saratani, utaanza kemo (dawa za dripu za kuua saratani) halafu titi litatolewa, kisha akaita anayefuata. Nilitoka mle sijauliza swali hata moja. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa nimeshika ile karatasi, na kilichonijia kichwani ni gauni la harusi la watu ambalo lilikuwa halijatiwa zipu.

Jioni hiyo wifi yangu akanitumia namba. "Jaribu hawa kwanza, wifi, hawakati mtu."

Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500 na foleni ya magari ya kilomita na kilomita, nilijiuliza mtu anaachaje kitanda cha hospitali akalale porini. Siku niliyopewa ile namba nilielewa. Mtu akishaambiwa atakatwa, masikio yake yanatafuta sauti yoyote itakayomwambia vingine.

Mpango wenyewe ni wa siku 35 kwa shilingi 420,000. Nilichukua mara mbili. Unaletewa unga wa majani ya mlonge, majani makavu ya mstafeli, habasoda, na manjano yaliyochanganywa na pilipili manga. Blenda unanunua mwenyewe. Asubuhi kabla ya kitu chochote unakunywa maji ya ndimu yenye magadi soda (baking soda), "kuondoa asidi mwilini". Kisha glasi sita za juisi ya karoti na bitiruti kwa siku, chai ya mstafeli mara tatu, mchana bakuli la mboga mbichi, usiku nusu parachichi. Nyama, samaki, mayai, maziwa, wali, ugali, sukari ya aina yoyote, vyote marufuku. Hata maharage nilikatazwa.

Na kila siku saa 12 asubuhi simu inaita, ni yule dada wa kituo. "Shikamoo mama, umeamkaje? Umelalaje? Juisi umekunywa?" Alikuwa ananisikiliza mpaka nimalize. Usiku nilioota nimekufa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya mume wangu.

Wiki mbili za mwanzo nilijisikia mwepesi, na hilo ni kweli tupu. Nilikuwa mtu wa soda mbili kwa siku na chipsi jioni, nimeviacha ghafla, tumbo likatulia, usingizi ukaja. Nikaanza kutembea alfajiri kama nilivyoelekezwa. Niliwaambia wateja wangu wawili kwamba nimepona. Wote wawili nimeshawatafuta nikawaeleza upya.

Sasa niwaonyeshe daftari langu. Fundi hukosi daftari la vipimo, na mimi tangu siku ya kwanza ya mpango nilikuwa najipima uvimbe kwa futi ile ile ninayopimia wateja. Naubana kwa vidole viwili, natia alama ya chaki kila upande, kisha napima kati ya chaki na chaki. Katikati ya kifua 38 kiuno 32 cha mteja mmoja na mikono ya shati la mwingine, kuna mistari yangu midogo: siku ya kwanza, inchi 1 na robo. Siku ya 21, inchi 1 na robo. Siku ya 40, inchi 1 na nusu. Siku ya 66, inchi 2. Najua futi ya cherehani si kipimo cha hospitali, lakini mkono wangu ni ule ule na futi ni ile ile.

Nilipomwambia yule dada kwamba umekua, aliniambia ndiyo dalili nzuri, sumu inakusanyika pamoja ili itoke. Naamini na yeye alikuwa ameambiwa hivyo. Hili ndilo shtaka langu kubwa kwa huduma hii, kuliko hela na kuliko njaa. Ukipungua, dawa inafanya kazi. Ukikua, dawa inafanya kazi. Ukiumwa kichwa na kuishiwa nguvu, sumu inatoka. Hakukuwa na jibu lolote ambalo mwili wangu ungeweza kutoa wakaniambia mama, hapa tumeshindwa, rudi hospitali.

Aliyenirudisha ni mteja, nesi, aliyekuja kushonesha sare. Nilipoinama kumpima urefu akaona sketi yangu nimeikunja kiunoni kwa pini tatu. Akaniuliza taratibu, nikamwambia yote. Hakunifokea. Alisema, "Dada, Jumatatu niko zamu ya usiku, asubuhi nakupitia." Akanipitia kweli, tukaenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam.

Nilikuwa nimetoka kilo 68 hadi 57. Damu ilikuwa 7.9. Kwapani, ambako mwanzo hakukushikika kitu, tezi mbili zilikuwa zimevimba. Daktari wa pale alivuta kiti akakaa, akaniuliza nakula nini, nikamtajia, naye akaandika kimoja kimoja. Kemo haikuanza. Nililazimika kuongezewa damu na kulishwa kwanza, wiki mbili zaidi, kwa sababu mwili ule usingebeba dozi. Hakuniambia kwamba tezi zile zilisababishwa na zile siku 70, nami sisemi hivyo. Nasoma tu daftari langu.

Kwenye tangazo lao kulikuwa na picha ya mzungu mmoja, Otto Warburg, na maneno kwamba alipata Nobel kwa kugundua kuwa saratani haiishi kwenye mwili wenye alkalini, yaani usio na asidi. Nimeshalifuatilia. Warburg alikuwa mwanasayansi wa Ujerumani, na Tuzo ya Nobel alipewa kweli, mwaka 1931, ila kwa kazi yake juu ya kimeng'enya kinachosaidia seli kupumua. Tiba ya saratani haimo. Alichoona kuhusu seli za saratani ni kwamba zinatumia glukosi kwa pupa, hata oksijeni ikiwepo. Hapo ndipo watu wanaporukia kusema acha sukari uishindishe njaa saratani. Daktari alinieleza kwa lugha nyepesi: usipokula wanga, ini linatengeneza glukosi lenyewe, na ukikaa na njaa muda mrefu linaitengeneza kutoka kwenye misuli yako. Uvimbe unaendelea kula, wewe ndiye unayekonda. Na damu ya binadamu mapafu na figo zinailinda isitoke kati ya pH (kipimo cha asidi) 7.35 na 7.45, unywe ndimu, unywe magadi. Kinachobadilika ni mkojo.

Mstafeli nao niliulizia, maana nilikuwa nimekunywa karibu vikombe 200. Kwenye sahani za maabara, vitu vilivyotolewa kwenye majani yake vimeua seli za saratani. Kwa wagonjwa wenyewe, hakuna jaribio lililothibitisha kwamba yanaponya. Na mmea huo una kemikali iitwayo anonasini inayodhuru seli za neva. Kule visiwa vya Guadeloupe, watafiti waliuhusisha ulaji wa tunda hilo na chai ya majani yake na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson. Juisi ya stafeli moja moja siwakatazi. Vikombe vitatu vya majani kila siku kwa miezi, mimi sirudii.

Wapo watakaoniambia mbona unatetea dawa za wazungu na kudharau miti ya Mungu. Nilipofika dozi ya tano nilibadilishiwa dawa, nikaanza paklitakseli. Nesi akaniambia hii asili yake ni gamba la mti. Nikadhani ananifariji. Ni kweli kabisa: gamba lilichukuliwa kwenye mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani mwaka 1962, na dawa ikaja kuidhinishwa kule mwaka 1992. Miaka 30 ya kuitenga, kuipima, kutafuta kiasi kisichoua mtu. Dawa ya watoto wenye saratani ya damu, vinkristini, nayo imetoka kwenye ua la Madagaska ambalo watu wamelipanda uani kwao kama pambo. Nilichokosa kwenye ule mpango ni kupima. Miti sikuikosa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 281 waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani ikiwa bado haijasambaa mbali, wakawalinganisha na waliotibiwa hospitali. Kwa jumla hatari ya kufa kwa wale wa tiba mbadala ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao. Kwa wenye saratani ya titi ilizidi mara tano. Niliyasoma hayo nikiwa kwenye kiti cha dripu, nikaizima simu nikalala.

Kemo ni ngumu, sitamdanganya mtu. Ile dawa nyekundu ya dripu inakutoa mkojo mwekundu na nywele zinabaki kwenye mto. Mdomo wangu ulichubuka wote, hata uji ulikuwa moto wa jehanamu. Hapo ndipo magadi soda yalipopata kazi: nesi alinielekeza kutia robo kijiko cha chai cha magadi na chumvi kidogo kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kusukutua mara kadhaa kwa siku, na kutema. Pakiti ile ile niliyokuwa nimeambiwa ninywe. Ilinisaidia sana. Tangawizi nayo nilitafuna kichefuchefu kikianza, kwangu ilifaa.

Chakula walichonirudishia ni kile kile nilichonyang'anywa: mayai ya kuchemsha, uji wa ulezi wenye maziwa, dagaa, maharage, mtindi. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Kachumbari na mboga mbichi nje ya nyumbani ndivyo nilivyoambiwa niviache kwa muda, kwa sababu kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maradhi, na tumbo halihimili vijidudu. Damu ilipanda. Dozi nane nilimaliza, titi likatolewa, nikapigwa mionzi, na sasa nipo kwenye vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi, kila usiku. Manjano naweka kwenye mchuzi kama kawaida. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa sivigusi, kwani utafiti mmoja wa Uholanzi ulionyesha vinaweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni kwenye damu. Unachokitumia, hata kama ni jani, mtajie daktari wako jina lake.

Kutembea alfajiri sikuacha, na hili nawashukuru wale watu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wa Kanada na Australia. Waliowekewa mpango wa mazoezi kwa miaka mitatu, baada ya upasuaji na kemo, saratani iliwarudia kidogo kuliko wenzao na waliishi zaidi. Utumbo si titi, ila kwangu inatosha kunivalisha raba saa 11 na nusu. Yale mazoezi yaliongezwa juu ya matibabu. Soda pia sijarudi.

Kwa hiyo, kama tiba ya saratani, mpango huu simshauri mtu yeyote, hata wa siku 10. Shilingi 840,000 zingenitosha nauli ya bajaji na vyakula vya miezi yote ya kemo, na hizo nilikuja kukopa. Lakini kuna kitu kimoja walichoniuzia ambacho ningelipia tena leo, nacho ni ile simu. Hospitali wagonjwa ni wengi, daktari mwema anakupa dakika zake na kuna wengine mlangoni. Wenzetu hawa wamejua mgonjwa anahitaji kuulizwa ameamkaje, na wameweka majani ya mstafeli nyuma ya swali hilo.

Yule dada alinipigia mara ya mwisho nikiwa na wiki tatu tangu upasuaji. Nilimwambia nimekatwa, nipo, nakula mayai. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, nashukuru Mungu uko hai." Nilimjibu na mimi nashukuru.

Siku hizi saa 12 asubuhi simu ninapiga mimi. Nina dada wawili niliowakuta kwenye benchi la kemo, mmoja wa Kongowe, mwingine wa Chanika. Nawauliza wamelalaje, mdomo unaendeleaje, wamekula nini. Wa Chanika alitumiwa tangazo la mstafeli wiki iliyopita, nikamfotolea ukurasa wa daftari langu. Dozi yake ya tatu ni Alhamisi, nitamwamsha saa 10 ili awahi namba.