SimVascular kwenye meza ya fundi maji, Tabora

Kazi yangu ni maji. Mwaka wa kumi na moja huu nafukua mabomba, nafunga mabomba na kupiga hesabu za presha hapa Tabora mjini. Nikisema nimeitumia SimVascular, programu ya kompyuta ya kuhesabu damu inavyopita kwenye mishipa, kwa miezi miwili, msomaji ajue anayesema ni fundi sanifu, si daktari.

Kilichonipeleka huko ni mpwa wangu. Ana siko seli. Mwaka jana, akiwa na miaka saba, aliamka asubuhi mkono wa kulia haushiki kikombe. Kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa walimpima kwa mawimbi ya sauti mbele ya sikio, wakamwambia dada yangu kwamba damu inakimbia sentimita 214 kwa sekunde kwenye mshipa wa ubongo, na kwamba kuanzia 200 ni hatari. Dada akanigeukia: "Kaka, wewe mtu wa mabomba. Mshipa ukisinyaa si damu ingepungua mwendo? Mbona inakimbia?" Sikuwa na jibu. Kuna bomba la chuma niliwahi kulikata Isevya, hapa hapa Tabora, kutu imelijaza mpaka limebaki tundu la kupitisha penseli. Lile lilikuwa linadondosha tu.

SimVascular ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ni ya bure na inakubali Windows. Ukiwa na picha za CT au MRI, unachora njia katikati ya mshipa, unauzungushia maduara hatua kwa hatua, nayo inayaunganisha kuwa bomba. Mimi picha za mtoto sikuwa nazo, nikachora maduara kwa mkono: ateri ya shingoni inapofika ndani ya kichwa na kugawanyika, tawi moja kwenda pembeni mwa ubongo, jingine mbele. Hapo ndipo watoto wa siko seli hubanwa zaidi. Tawi la pembeni nililipa kipenyo cha milimita 3, katikati nikalibana hadi 1.5.

Angalia sana vipimo. Uzito wa damu unakuta umeandikwa 1.06 na mnato 0.04, hizo ni hesabu za sentimita, gramu na sekunde, na programu haikuulizi umeingiza nini. Mara ya kwanza niliandika 3 nikimaanisha milimita, nikapata mshipa mnene kama bomba la kuingiza maji nyumbani. Siku mbili zikapotea.

Utamu wake uko kwenye matundu ya kutokea. Kila tawi unalipa ukinzani, yaani mishipa midogo yote iliyo mbele yake inaibana damu kiasi gani. Nilipoacha ukinzani sawa kabla na baada ya kubana, damu ilikimbilia tawi la mbele, la pembeni likapungukiwa. Lile bomba la Isevya kabisa. Kisha nikakumbuka nililosoma, kwamba ubongo ukikosa damu hufungua mishipa yake midogo. Nikashusha ukinzani wa tawi la pembeni, nikashusha tena. Damu ikarudi kwenye tawi lake, na pale penye ubano mwendo ukapanda karibu mara nne ya ule wa kabla ya ubano. Jibu la dada ndilo hilo: mbele ya ubano kuna ubongo unavuta.

Matokeo nayatazama kwa ParaView, programu ya kugeuza namba kuwa picha za rangi, nayo ya bure. Ubano unatoa ulimi mwekundu, mwembamba, unaopiga mbele kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Pembeni mwa ulimi, nyuma tu ya ubano, kuna rangi ya buluu: damu inazunguka polepole, mingine inarudi ilikotoka. Mpwa wangu aliweka kidole pale kwenye buluu, si kwenye nyekundu, akauliza, "Mjomba, hii imepotea njia?" Nikamwambia ndiyo.

Kompyuta yangu ina memori ya GB 8. Ili kupiga hesabu, programu huukata mshipa kuwa wavu wa vipande vidogo; wa vipande laki tatu inaubeba, kwa usiku mzima. Laki nane iliganda. Umeme ukikatika hupotezi vyote, kwa kuwa inahifadhi hatua kila baada ya muda uliopanga, nawe unaendelea ulipoishia. Kwa sisi wa huku hilo pekee linanifanya niipende.

Lakini hesabu zangu zilichukua damu kama kimiminika cha mnato mmoja na kuta za mshipa kama chuma. Chembe za siko seli ni ngumu, na upungufu wa damu peke yake huongeza mwendo hata pasipo na ubano. Picha yangu haimfai daktari kuamua lolote, wala sikumpelekea. Kilichomfaa mtoto kinajulikana tangu utafiti wa Marekani wa 1998: watoto 130 waliovuka 200, karibu nusu wakaongezewa damu mara kwa mara, na hatari ya kiharusi ikashuka kwa asilimia 92. Mpwa wangu naye anaongezewa kila mwezi.

Nawapendekezea walimu wa fizikia wa kidato cha tano na sita, wanafunzi wa udaktari, na yeyote aliyewahi kutumia EPANET, programu ya kuhesabu maji kwenye mtandao wa mabomba. Huyo atajikuta nyumbani haraka. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Nimeanza kuandika ya kwangu kwa Kiswahili, nimefika kwenye maduara.