Santuri za Otis Redding: ununue ipi kwanza?

Ukitaja Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, wengi watakupigia ule mluzi wa mwisho wa "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Ndio wimbo wanaoujua, na ndio unaowafanya wachukue albamu ya The Dock of the Bay kabla ya nyingine yoyote. Nakusihi usianzie hapo. Wimbo wenyewe ni mtamu, hilo halina ubishi, ila haufanani na Otis aliyeimba tangu 1962 mpaka ndege ilipoanguka katika ziwa Monona, Wisconsin, tarehe 10 Desemba 1967, akafa akiwa na miaka 26. Otis yule aliimba kama mtu anayedai haki yake, na matarumbeta yakimwitikia.

Kwa hiyo namba moja ni Otis Blue, ya 1965, wala sina wasiwasi nayo. Ilirekodiwa Memphis katika studio ya Stax, kampuni yake ya rekodi, jumba la zamani la sinema ambalo sakafu yake ilikuwa bado imeinama kuelekea mbele. Karibu albamu nzima ilikamilika ndani ya takriban siku moja, Julai 9 na 10, na usiku wanamuziki walikatiza kazi wakaenda kupiga kwenye klabu, kisha wakarudi. Sam Cooke alikuwa ameuawa Desemba iliyotangulia, na hapa Otis anaimba nyimbo zake tatu. Humo humo imo "Respect", aliyoitunga mwenyewe miaka miwili kabla Aretha Franklin hajaichukua na kuifanya yake. Sikiliza jambo moja: karibu hakuna waitikiaji. Kazi yao inafanywa na tarumbeta ya Wayne Jackson na saksafoni ya Andrew Love. Otis alikuwa akiwaimbia sauti za kupiga kwa mdomo, nao wakazifuata.

Kwenye albamu hii, angalia kama ni mono (sauti ya mkondo mmoja) au stereo (mikondo miwili) kabla hujalipa. "I've Been Loving You Too Long" iliyo kwenye stereo ni rekodi nyingine, iliyorudiwa Julai. Ile iliyotoka kwanza kama singo na kupendwa redioni iko kwenye mono. Mimi ningechukua mono. Ukipata toleo la Rhino la 2008 la CD mbili, umemaliza kazi, maana lina zote.

Namba mbili ni Dictionary of Soul ya 1966, na sababu kubwa ni "Try a Little Tenderness". Ni wimbo wa 1932, ulioimbwa na wengi kwa upole kabla yake. Otis anauanza polepole, kama mtu anayezungumza karibu na sikio. Kisha Al Jackson anaanza kugonga ukingo wa dramu, tik-tik-tik, kwa mwendo wa saa ya ukutani, wala haharakishi. Ogani inaingia, gitaa linaingia, matarumbeta yanapanda ngazi moja baada ya nyingine, na ikifika dakika ya tatu Otis haimbi tena maneno, anatoa pumzi na vilio tu. Weka sauti juu uusikie ule ugongaji wa dramu. Nimeusikiliza miaka mingi na bado nywele zinanisimama.

Namba tatu, Live in Europe, iliyorekodiwa ukumbi wa Olympia, Paris, Machi 1967. Booker T. & the M.G.'s, bendi ya studio ya Stax, wako nyuma yake na kasi ni kubwa kuliko studio. Kwa anayependa muziki wa jukwaani, huenda hii ikapanda mpaka namba mbili.

The Dock of the Bay naiweka ya nne. Wimbo wenye jina hilo ulirekodiwa Novemba na Desemba 1967, siku chache kabla ya ajali, lakini albamu yenyewe Steve Cropper, mpiga gitaa wa Stax, aliikusanya baada ya msiba kutoka kwenye singo na mabaki. King & Queen, alioimba na Carla Thomas, inafurahisha, hasa "Tramp". Pain in My Heart, ya kwanza kabisa, iache mpaka umeshampenda.

Kama hela inatosha santuri moja tu na Otis Blue haipatikani, tafuta History of Otis Redding, mkusanyo uliotoka wiki chache kabla hajafa.

Kuhusu santuri za mtumba: nyingi zilizotoka akiwa hai zina lebo ya Volt, tawi la Stax, ila Pain in My Heart ilitoka kwa Atco, tawi la Atlantic. Mwaka 1968 Stax ilipoachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikisambaza rekodi zake, ilibainika kwamba mkataba uliwapa Atlantic rekodi zote za nyuma, ndiyo maana albamu kama The Immortal Otis Redding zina lebo ya Atco. Ukiona Atco usidhani ni feki.

Na itoe santuri kwenye jalada hapo hapo dukani. Niliwahi kulipia Otis Blue yenye jalada safi kabisa, nikafika nyumbani nikakuta ndani kuna santuri ya mtu mwingine. Ielekeze kwenye mwanga: mikwaruzo myembamba si neno, ila ule unaoukwaza ukucho utairusha sindano. Kwa walio pwani, nusa na jalada pia, kwa sababu ukungu wa unyevu huhamia kwenye santuri nyingine zilizo jirani.