Mmetangaza muziki laivu halafu mnatuwekea wa laptopu?

Jamani naandika hili hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa najijua nitaanza kuwatetea. Kuna kikundi cha dansi ya kisasa hapa Dar, jina sitaji, wenyewe mkisoma mtajijua. Wana programu zao, ile kubwa ya ukumbini yenye sehemu mbili, ile fupi wanayopeleka mashuleni pamoja na mafunzo, halafu kuna ya sherehe na mikutano ya makampuni. Zote wanazinadi kwa neno moja tu, LAIVU. Posta nzima ni picha ya zeze na ngoma. Bei na muda anayetaka awaulize mwenyewe, mimi nina jambo moja tu la kusema.

Nilikwenda ile ya ukumbini, si zamani sana, nikamchukua na shangazi yangu, mama wa Kongwa, alikuwa kaja mjini kliniki ya macho. Sasa huyu shangazi usichana wake wote kapiga muheme. Kwa asiyejua, muheme kwa Wagogo ni ngoma ya akina mama, anaibana katikati ya mapaja anaipiga kwa viganja, na wakiwa wengi wamesimama pamoja unausikia mpaka kifuani. Nilivyomwambia kuna vijana wanacheza kisasa ila wanapigiwa muheme, njia nzima maswali, nani anapiga, ni Wagogo kweli au wamejifunza ukubwani, ngoma zimepashwa moto au wanazipiga zimelala hivyo hivyo. Nikamwambia shangazi utasikia mwenyewe.

Na sehemu ya kwanza, naapa, alisikia. Walianza na kijana wa zeze peke yake pembeni kabisa ya jukwaa, akatoka binti mmoja anacheza chini, yaani anajikunja, anabiringika, anasimama kwa mguu mmoja anabaki hapo. Anabaki kweli, na yule wa zeze kashika uta wake hewani hauvuti, macho yote kwa binti, mpaka alipoanza kushuka ndio uta nao ukashuka kwenye nyuzi. Ukumbi mzima kimya. Hicho ndicho mtu anacholipia kwenye muziki wa laivu, mpigaji anamsubiri mchezaji, mchezaji akichelewa kidogo leo kwa sababu kachoka au kwa sababu kanogewa, mpigaji yupo naye. Baadae ikaingia ilimba, ile ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, zile mbili, kubwa na ndogo, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia ule mvumo wake, unajua lile tundu la ilimba wanaliziba na utando wa buibui, ndio maana kila chuma kikipigwa kuna kitu kinavuma pembeni ya sauti yenyewe. Kisha wakaja akina mama wanne na muheme. Shangazi mikono yake haikutulia tena, anapiga kwenye mapaja yake mwenyewe, jirani yetu anageuka geuka nikamwambia dada samahani, mwache.

Tukaenda mapumziko nikiwa nimeshaamua kuandika sifa tupu. Kweli kabisa.

Tunarudi, taa zinazimwa, zinawaka, pale kwenye viti vya wapigaji hakuna mtu. Meza ndogo, laptopu, kijana wa saundi kavaa hedifoni. Nikadhani ni sehemu ya sanaa, hawa watu wa kontemporari huwezi jua. Muziki ukaanza, ni ule ule wa zeze na ilimba, umerekodiwa, unatoka kwenye spika mbili ambazo besi imefunguliwa mpaka mwisho, zeze inalia kama king'ora na ule mvumo wa ilimba haupo kabisa, umepotea. Binti yule yule akatoka, akasimama kwa mguu wake mmoja, na muziki huo unaondoka zake. Haumsubiri. Ikabidi ashuke kabla ya wakati na aukimbilie, unamwona kabisa anahesabu kwa midomo. Mwenzake mmoja kawahi, mwingine kachelewa, wakagongana mabega. Halafu katikati ya ile sehemu ya taratibu kabisa, laptopu ikaingiza meseji, TING, kwenye spika zote mbili. Hivi hata kuzima intaneti mlishindwa jamani? Wachezaji wanatoka jasho pale, wamefanya mazoezi miezi, mnawafanyia hivyo mbele za watu.

Lakini hilo ningelimeza. Kilichonifikisha hapa ni mlangoni.

Tulipotoka shangazi akamfuata kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, ndiye aliyekuwa anakata tiketi, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, wale wenye ngoma wamekwenda wapi? Nilitaka niwape mkono." Yule kijana hata simu hakuishusha. Anamjibu, "Bibi, muziki si umeusikia? Kwani ulikuja kuangalia dansi au ulikuja kusikiliza ngoma?" Mama wa watu macho yanamsumbua, nusu ya onyesho ameliona kwa masikio, na hata shikamoo hajapewa! Shangazi akamwambia, "Nimelipiwa vyote viwili." Mimi hapo nikaingilia, nikataka kuongea na meneja, naambiwa meneja yuko bize na wafadhili, niache namba nitapigiwa. Mpaka leo sijapigiwa. Nimewatumia meseji wasapu, tiki za bluu zimewaka, jibu hakuna.

Sasa msije mkaniambia muziki wa laivu ni gharama na kwamba sielewi. Naelewa sana. Kusafirisha watu na vyombo, mazoezi ya pamoja, posho, chakula, yote najua. Ila ndio maana tiketi yenu ni ya juu kuliko za wengine, si ndio? Wanaoamua wanaweza. Kule New York kundi la dansi la Mark Morris lilianza mwaka 1980, na tangu 1996 lina wanamuziki wake lenyewe wanaosafiri nalo. Sawa, ni Marekani, wana hela, nakubali. Basi turudi nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, zeze na ilimba zake zilisikika dunia nzima kabla hajafariki 2003, na miaka yake mingi kaifanyia Bagamoyo, pale pale ambapo chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi mnakiita TaSUBa. Vijana wa kupiga wanatoka pale kila mwaka. Mnataka kuniambia nchi hii mmekosa mtu wa kukaa na zeze saa moja na nusu? Mtu yupo, tena mlikuwa naye saa moja kabla!

Na hapa ndipo panaponiuma. Binti mmoja wa wale wachezaji alitukuta nje tunasubiri bajaji, bado kajifunga kanga juu ya nguo za jukwaani, akapiga goti, "shikamoo mama," akamwomba shangazi msamaha. Anasema na wao wamejulia mapumziko, wapigaji walikuwa wamelipwa nusu na nusu nyingine hawajaiona, wakafunga vyombo wakaondoka. Sijui upande wa pili una maelezo gani, wao ndio hawapokei simu. Ila kama ni kweli basi wale akina mama wa muheme nawaunga mkono asilimia mia, ningekuwa mimi ningeondoka hata kabla ya ile nusu ya kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza uende au usiende, nilitaka kuandika USIENDE kwa herufi kubwa. Lakini sehemu ya kwanza ile, mwenzangu, sijaona kitu kama kile hapa mjini miaka. Wachezaji wana nyota zangu zote tano na yule wa zeze nampa na ya sita. Uongozi sifuri. Ukilazimisha wastani sijui, mbili, labda tatu, hapana, mbili, maana nikimkumbuka yule kijana wa mlangoni hata hiyo mbili naona nyingi.

Walimu mnaofikiria ile programu ya mashuleni, msiikatae, watoto wakae karibu na ilimba waisikie inavyovuma. Ila kabla hamjalipa dai waandike kwenye mkataba wapigaji ni wangapi, wanapiga mwanzo mpaka mwisho, na ombeni namba ya mpigaji mmoja mumuulize yeye mwenyewe kama amelipwa. Wakigoma kukupa, ghairi.

Na hela ya tiketi zetu siidai tena, nimechoka. Ila kama kuna mtu anawafahamu wale akina mama wanne wa muheme, wanakopigia au kikundi chao ni kipi, naomba aniambie hapa chini. Shangazi yupo mjini mpaka kliniki iishe na anauliza kila siku.